Naomba ushauri: uwanja mdogo wa nyasi bandia kwenye ua wa nyumba ya safu

Baba Mapacha

Wanajamvi, salaam. Ninaishi katika nyumba ya safu ambayo kuta zake za pembeni tunazichangia na majirani, na nyuma nina ua wa mita 9 kwa 5. Nusu ya ua huo ina sakafu ya zege kuukuu na nusu iliyobaki ni udongo mtupu. Wanangu wa miaka 10 wanapenda mpira wa miguu na mpira wa kikapu, nami nimekusudia kuwatengenezea kiwanja cha nyasi bandia.

Mafundi wawili wamekwisha kuja kupima. Wa kwanza anasema atajaza kifusi upande wa udongo hadi ulingane na zege, kisha atatandaza kapeti lenye nyasi za milimita 40 juu ya vyote, na kazi itakwisha kwa siku moja. Wa pili anataka kuchimba, kumwaga kokoto na kushindilia, kazi ambayo anasema itachukua siku kadhaa. Je, tofauti hiyo ina maana yoyote, au huyu wa pili anajiongezea kazi tu? Niongeze kwamba mvua ikinyesha, maji husimama kando ya ukuta wa jirani wa kushoto.

Mshindilia Kokoto

Ndugu, hilo la maji umelitaja mwishoni kana kwamba ni dogo, lakini ndilo lingepaswa kuanza. Kapeti lenyewe lina matundu na hupitisha maji vizuri. Swali ni kwamba yakishapita yataelekea wapi. Kifusi kisichoshindiliwa hutitia baada ya misimu michache ya mvua, na hapo utapata mabonde ambayo hayarekebishiki bila kufumua kapeti lote. Tena, pale kifusi kinapokutana na zege, upande mmoja utashuka na mwingine utabaki juu, na mtoto anayekimbia atajikwaa papo hapo.

Upande wa udongo, chimba sentimita 10 hadi 15, tandaza kitambaa cha kuzuia udongo usichanganyike na kokoto, kisha mwaga kokoto za kupondwa zenye pembe, siyo za mtoni zilizo laini, kwa sababu za mtoni hazishikani hata uzishindilie mchana kutwa. Shindilia tabaka kwa tabaka, malizia na tabaka la chenga za mawe lenye unene wa sentimita 2 hivi, na uweke mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba na mbali na ukuta huo wa kushoto. Uso wa mwisho ubaki chini ya tabaka la kuzuia unyevu lililo ukutani, la sivyo utakuja kuuliza hapa kwa nini rangi ya sebuleni inabanduka. Kwa hiyo fundi wa pili hajiongezei kazi.

Kocha wa Jioni

Naafiki kuhusu msingi, ila kuna jambo ambalo mafundi wote wawili hawakukueleza: mpira wa kikapu ukiudundisha kwenye nyasi ndefu unakufa. Nyasi za milimita 40 huwa ni za bustani, za kupendeza macho na kukalia. Viwanja vya tenisi na vya padeli (mchezo unaofanana na tenisi) hutumia nyasi fupi sana, mara nyingi zisizozidi milimita 20, zilizojazwa mchanga wa silika ili zisimame na mpira urudi juu. Hata hizo hazifikii sakafu ngumu kwa mpira wa kikapu.

Kwa hiyo ningekushauri usilifunike zege lako kabisa, iwapo ni zima. Liache liwe la kikapu, na nyasi fupi ziwe upande wa pili kwa mpira wa miguu. Msilazimishe uso mmoja kufanya kazi ya nyuso mbili katika ua wa mita 45 za mraba. Usikubali pia kujaziwa chembechembe za mpira wa matairi: huongeza joto, huingia ndani ya nyumba kwa viatu, na Umoja wa Ulaya umekwisha kupitisha kanuni mwaka 2023 itakayozuia kuuzwa kwake kwa ajili ya viwanja baada ya muda wa mpito wa miaka 8.

Jirani wa Ukutani

Nazungumza kama mtu aliyewahi kuishi upande wa pili wa ukuta wa namna hiyo. Goli lisielekee ukuta mnaochangia, kwa maana kila shuti husikika chumbani kwa jirani kama mlango unaobishwa. Lielekeze uzio wa nyuma na uweke wavu mbele ya uzio huo. Soma kanuni za umoja wa wakazi kabla ya kulipa chochote, kisha tafuta ilipo chemba ya majitaka, kwani wapo mafundi wanaoifunika na kapeti huku wakijua fika kwamba siku moja itaziba.

Jambo la mwisho ni vioo. Madirisha ya kisasa yanayozuia joto huweza kurudisha mwanga wa jua ukiwa umekusanyika mahali pamoja hadi nyuzi za plastiki zikayeyuka. Angalia mchana kama kuna mstari wa mwanga mkali unaopita uani.

Baba Mapacha

Nawashukuru sana. Leo nimemwaga ndoo ya maji juu ya zege: yote yamekuja mlangoni kwangu. Mstari wa mwanga upo pia, unatoka dirisha la juu la nyumba ya nyuma. Je, zege hilo bado linafaa kubaki?

Mshindilia Kokoto

Halifai kwa namna lilivyo. Ama ulivunje na kulimwaga upya likiwa na mteremko sahihi, ama ukate mfereji wenye kifuniko cha wavu mbele ya mlango na kuupeleka kwenye bomba la maji ya mvua. Kama halina nyufa, ningeanza na mfereji. Kuhusu mwanga, mwombe jirani akuruhusu kubandika karatasi ya kufifisha upande wa nje wa kioo kabla kapeti halijaletwa.