Mrejesho: Freiberg, metatasali ya pili

Wadau, asanteni. Niliuliza kuhusu ugonjwa wa Freiberg, ambapo kichwa cha mfupa wa wayo hukosa damu ya kutosha na kubonyea: kichwa cha metatasali ya pili (mfupa mrefu wa wayo unaobeba kidole cha pili) kiondolewe, au kinaweza kuokolewa?

Nilifuata ushauri wenu wa kukiokoa kwa kukata kabari ya mfupa. Vipande vilivyolegea ndani ya kiungo vilitolewa, kisha kabari ndogo ya mfupa ikakatwa na kutolewa upande wa juu, ili gegedu la chini ambalo halijaharibika liinuke na kukutana na kidole. Skrubu moja ndogo ikashikilia. Wiki 6 ni kukanyagia kisigino tu, kwa kiatu maalum cha soli ngumu. (Magongo na ngazi za matatu za Nairobi haviendani, panga teksi.) Eksrei ikaonyesha mfupa umeshikana.

Maumivu ya kiungo yameisha. Ugumu umebaki: kidole hakiinuki vya kutosha, ingawa kilinyooshwa kila siku. Mfupa pia umefupika kidogo, uzito ukahamia metatasali ya tatu na sugu ikaota hapo. Pedi imesaidia, lakini ikae nyuma ya vichwa vya mifupa. Fundi wa viatu aliibandika chini ya vichwa vyenyewe kwanza, maumivu yakazidi.

Kwa aliyeshauri kukata kichwa chote cha mfupa huo: hilo lingehamisha uzito zaidi.