Mjadala: Mwanablogu aliyelipwa na mfanyabiashara alazimike kumwambia msomaji?

Wadau, naleta hoja hii mbele yenu kwa sababu imekuwa ikizungumzwa pembeni, baina ya waandishi na wanaowalipa, ilhali msomaji, ambaye ndiye anayeumia, hajaulizwa. Mtu anapoandika makala kwenye blogu kuhusu bidhaa, shule, zahanati au viwanja, naye amelipwa na mwenye mali hiyo, je, alazimike kusema wazi kwamba amelipwa? Wapo wanaosema hayo ni makubaliano kati ya mwandishi na mteja wake, na hayamhusu mtu wa tatu. Mimi nasema alazimike, na tamko hilo likae juu kabisa ya makala, kabla ya aya ya kwanza.

Nianze na pesa, kwa maana tusipoelewa inakotoka hatutaelewana. Mwandishi wa Dar es Salaam anayeandika kwa Kiswahili ana milango michache ya kipato, na mlango ambao kila anayeanza huukimbilia ni matangazo ya Google kupitia AdSense, huduma inayomlipa mwenye blogu kwa matangazo yanayowekwa kwenye kurasa zake. Kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zinazokubaliwa na huduma hiyo, na hata pale blogu inapokubaliwa, bei ya tangazo hutegemea ushindani wa wenye matangazo, ambao hawamgombanii msomaji wa Temeke kama wanavyomgombania msomaji wa Marekani. Salio likifika dola 10, mwandishi hutumiwa barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani yake. Kijana aliyepanga chumba Mbagala au Manzese, ambaye hana sanduku la posta, inambidi aombe kutumia sanduku la shule, la kanisa au la ofisi ya ndugu, kisha awe anapita kuulizia kama barua imefika. Akishaipata, bado hawezi kulipwa mpaka salio lifike dola 100, na blogu ndogo inaweza kukaa muda mrefu sana kabla ya kufika hapo, wakati bando linaisha kila siku.

Juu ya hayo yakaja masharti ya mwaka 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizosimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zilimtaka mwanablogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine za mwaka, na adhabu ya kukiuka kanuni ikawa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Kanuni hizo zimeandikwa upya na kurekebishwa tangu wakati huo, lakini athari yake kwenye tabia ya uandishi haikufutika. Sisemi kwamba leseni ndiyo iliyozaa makala za kulipwa kwa siri, kwani bahasha ilikuwapo kwenye vyumba vya habari kabla ya blogu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetakiwa kurudisha zaidi ya shilingi milioni 2 katika mwaka wa kwanza, na ambaye matangazo ya kawaida hayamlipi, alisukumwa kwa nguvu kuelekea kwa mteja anayelipa taslimu kwa sharti moja tu, kwamba neno "tangazo" lisionekane.

Mwandishi mwenzangu aliwahi kunionyesha makala ya namna hiyo, iliyohusu viwanja Kigamboni. Ilikuwa na picha tatu za bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, kwenye nyasi zilizofyekwa, ramani ya mradi iliyokatwa kona yenye nembo ya kampuni, na sentensi isemayo kwamba mwandishi amefika eneo la mradi na kujionea mwenyewe. Mwandishi huyo hakuwa amevuka hata kivuko cha kwenda huko. Maandishi yote, pamoja na hiyo sentensi ya kujionea, alitumiwa kwa WhatsApp na ofisi ya mauzo, akabadilisha kichwa cha habari na kuongeza aya moja kuhusu ujenzi wa barabara. Pesa iliingia kwenye simu kabla makala haijatoka.

Sasa mfikirieni anayeisoma. Ni mtu aliyeweka akiba kwenye kikundi au Saccos, anatafuta mahali pa kujenga, na anajua kabisa kwamba muuzaji wa kiwanja atakisifia kiwanja chake. Ndiyo maana ameacha tangazo la muuzaji akatafuta maneno ya mtu asiye na maslahi. Kama angeliona juu ya makala hiyo kwamba imelipiwa na kampuni, si lazima angeacha kununua, ila angejua kwamba kazi ya kuhakikisha bado ni yake: angekwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, angemuuliza mwenyekiti wa mtaa, angeuliza majirani wa eneo lile. Makala isiyo na tamko humfanya aamini kwamba mtu mwingine ameshamfanyia kazi hiyo, na hapo ndipo ninapoona dhuluma.

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni kwamba ukiandika "makala hii imelipiwa", mteja atakimbia. Baadhi watakimbia, nakubali. Lakini magazeti yetu yamechapa kurasa zenye neno "tangazo" kwa miaka mingi, na kampuni zimeendelea kuzilipia. Mteja anayekimbia kwa sababu ya neno hilo alikuwa ananunua imani ya wasomaji wako, na hiyo si mali yako ya kuuza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na naiheshimu: kwamba sheria yoyote mpya juu ya waandishi wa mtandaoni itageuzwa rungu. Anayekumbuka Juni 2018, JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilipolazimika kusitisha huduma kwa sababu ya masharti ya leseni, hawezi kuibeza hofu hiyo. Kwa hiyo sitaki jambo hili liingizwe kwenye leseni, wala sitaki ofisi inayosimamia maudhui ndiyo ilisimamie. Hili ni suala la kumlinda mlaji. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha, na Tume ya Ushindani ipo. Marekani walipita njia hiyo hiyo: mwaka 2009 tume yao ya biashara ilipanua miongozo ya matangazo ili iwaguse wanablogu wanaolipwa au kupewa bidhaa bure, bila kumtaka mtu aombe kibali cha kuandika.

Na mzigo usiwe wa mwandishi peke yake. Anayelipa ndiye mwenye pesa, mwanasheria na ofisi ya mauzo. Faini ianzie kwake, hasa pale mkataba au ujumbe wake unapomkataza mwandishi kusema ukweli. Aidha, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa na anayelipa, ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali, maana yake malipo haya yanatakiwa kuonekana kwenye hesabu za kampuni. Kinachotakiwa kuonekana kwa mkusanya kodi sioni sababu ya kufichwa kwa msomaji.

Maneno yenyewe yawe mepesi: "Makala hii imelipiwa na" kisha jina la aliyelipa, kwa herufi za ukubwa ule ule wa makala. Kama ni simu iliyotolewa bure na duka la Kariakoo, iandikwe kwamba imetolewa bure na kama itarudishwa. Anayepinga naomba asijibu kwa kutaja ugumu wa maisha ya waandishi, maana huo nimeueleza na naujua. Ajibu hili: yule msomaji wa makala ya Kigamboni, kwa kuangalia makala ile peke yake, angejuaje kwamba mwandishi hakuwahi kufika?