Mwalimu wa bailojia karuka evolusheni "kwa sababu za kiimani" na mshahara analipwa na serikali, hii imekaaje?

MamaKijana_Soweto
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, huku Soweto. Nina kijana wangu fomu foo shule ya kata, ya serikali kabisa sio ya misheni, jina la shule mtaniwia radhi silitaji. Juzi kaja na pepa ya moko ya bailojia, nikawa naikagua kama kawaida yangu, nafika swali la evolusheni, ile ya viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi, nakuta ukurasa mzima kajaza Mwanzo sura ya kwanza, kaitafsiri kwa Kingereza chake mwenyewe na mstari wa 27 kautaja kabisa. Msahihishaji kachora yai moja kubwa jekundu na pembeni kaweka alama ya kuuliza, basi. Nilicheka kwanza, sitaki kudanganya, halafu nikamuuliza we mtoto vipi? Ananiambia mama hiyo hatukufundishwa, mwalimu alisema ni mada ya kumkana Mungu, anayetaka akasome mwenyewe, akaenda moja kwa moja kwenye ukimwi.

Nikafungua daftari. Kweli bana. Kichwa cha mada kipo, herufi kubwa, kimepigwa mistari miwili kwa rula, halafu kurasa tatu nyeupe peee, halafu inaanza mada nyingine. Mtoto aliacha nafasi akijua itarudiwa. Zile kurasa tatu ndo zimeniuma kuliko hata lile yai.

Sasa mimi sio mpagani jamani, ni Mlutheri, kwaya naimba sauti ya pili mwaka wa 14 huu. Ila huyu mwalimu analipwa na kodi ya Mlutheri, ya Mkatoliki, ya Muislamu na ya yule jirani yangu asiyeswali popote. Ada ya elfu 20 ilifutwa 2016 ndio, lakini mlipaji hakufutwa, ni sisi wenyewe kwenye vocha, sukari na mafuta ya taa. Je ana haki ya kuchagua mada ya kufundisha? Na nianzie wapi, maana naogopa mtoto asije akaandamwa.

Mangi_wa_Kibosho
Huyo mwalimu apewe maua yake akiwa hai. Kwani mtoto akijua katoka kwa nyani inamuongezea nini?

MamaKijana_Soweto
Mangi inamuongezea maksi.

ChaliiWaUnga
😂😂😂 mangi kalala chali. Nakaa hapa nasoma.

MwlBailo_Sakina
Mama shikamoo kama unastahili, kama ni rika basi tunasalimiana tu. Nafundisha bailojia huku Arusha mwaka wa 11, shule ya serikali pia, na ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Mwenzangu kakosea, nasema bila kumung'unya. Hiyo mada ipo kwenye silabasi ya fomu foo, NECTA, baraza la mitihani, wanaitunga, na usisahau hata kwenye historia ya fomu wani mtoto anaikuta mapema tu, sijui huko aliikwepaje. Mwalimu hana mamlaka ya kuruka, kama vile nesi hana mamlaka ya kuacha kuchanja watoto kwa vile yeye haamini chanjo.

Halafu kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaoikataa hawajaisoma. Hakuna mahali imeandikwa umetokana na tumbili anayeiba mahindi shambani kwako. Inachosema ni kuwa sisi na sokwe tuna babu mmoja wa zamani sana, kila ukoo ukashika njia yake. Na kwenye notsi nyingi za mada hiyo hiyo uumbaji umetajwa kama mojawapo ya maelezo ya chanzo cha uhai, kwa hiyo hata huyo anayemtetea Mungu kamruka Mungu humo humo.

Mimi darasani naanza na malaria. Wenye umri wangu tunakumbuka klorokwini, ile chungu ya kukuwasha mwili usiku kucha unajikuna na kijiko. 2001 serikali ikaiacha ikaleta SP, nayo haikufika mbali, 2006 tukaenda dawa mseto. Kwa nini? Kulikuwa na vimelea vichache ambavyo dawa haikuviweza, vile vingine vikafa, hivyo vikabaki vinazaana peke yake mwaka hadi mwaka mpaka klorokwini ikawa kama maji. Hapo umeshafundisha nadharia ya Darwin, mwenye evolusheni yake, na hakuna mtoto aliyekimbia darasa. Na wewe uko Moshi, hospitali ya Kibong'oto hapo Siha si mbali, TB sugu wanayohangaika nayo pale ni habari hiyo hiyo. Yote hiyo ni hela ya umma inatoka kwa sababu viumbe vinabadilika, tuipende tusiipende.

Kuhusu imani mimi nawaambia hivi: swali linasema ELEZA, halikuulizi unaamini nini. Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe 1996 alisema nadharia hii ni zaidi ya dhana tupu, sasa mimi mwalimu wa Sakina nibishane na Papa?

Pa kuanzia: muone mwalimu mwenyewe, kwa upole, usiende na lile pepa mkononi. Ikishindikana mwalimu wa taaluma, halafu mkuu wa shule. Afisa elimu aje mwisho kabisa. Notsi ninazo, nitumie ujumbe nikupe.

Abuu_Majengo
Assalaam alaykum wote. Mimi Muislamu na kwetu pia Mungu ndiye Muumba, hilo halina mjadala. Lakini shuleni kuna kipindi cha dini, ustadhi anakuja anakaa na wa kwake, katekista na wa kwake, mchungaji na wa kwake, na hao serikali haiwalipi, tunawatunza sisi waumini kwa michango yetu. Kipindi cha bailojia kinalipwa na serikali na humo darasani tumechanganyika. Sasa mwalimu akigeuza bailojia kuwa mahubiri, ni mahubiri ya dini gani? Leo ni ya kwake mnapiga makofi, kesho akija mwingine na ya kwake mtaandamana.

Mangi_wa_Kibosho
Abuu hapo umenishika kidogo. Ila je ingekuwa shule ya kanisa? Maana wale wamejenga kwa sadaka zao.

Abuu_Majengo
Ya kanisa nayo mangi usiniambie ni sadaka peke yake, tangu ule mkataba wa 1992 kati ya serikali na makanisa hela ya umma inaingia kwenye huduma zao, hata hospitali ya KCMC hapo

ChaliiWaUnga
Wazee mkianza mkataba wa 1992 huu uzi unafika kurasa 60 na huyu mama hajajibiwa 😂 rudini kwa dogo

Mnyalu_Kijenge
Swali la mangi lakini ni zuri, nchi nyingine wameshalipitia. Uingereza serikali inalipia shule za makanisa waziwazi, mishahara na karibu kila kitu, ila kwenye mikataba ya zile shule huru, zinazolipiwa na serikali ila zinajiendesha zenyewe, waliweka kifungu 2012 kwamba ukichukua hela hii hufundishi uumbaji kama sayansi, ufundishe kwenye somo la dini huko. Na evolusheni wameishusha mpaka shule ya msingi tangu 2014.

Marekani ndio walipigana hasa. 1925 huko Tennessee mwalimu alitozwa faini ya dola 100 kwa KUFUNDISHA evolusheni, yaani kinyume cha huyu wa Moshi. Halafu 2004 mji mmoja unaitwa Dover, jimbo la Pennsylvania, bodi ya shule ikaamuru wanafunzi wasomewe tamko la kuitilia shaka evolusheni na kuwaelekeza kwenye kitabu kinachosema viumbe vimesanifiwa na mwenye akili. Wazazi 11 wakaenda mahakamani, Desemba 2005 wakashinda, na wilaya ya shule ikalipa gharama za mawakili dola milioni 1 na chenji. Hela ya madawati hiyo. Wajumbe 8 wa bodi waliokuwa wanatetea viti walishaangushwa wote kwenye kura mwezi mmoja kabla ya hukumu. Kilichonichekesha mimi ni kwamba kati ya waliowaangusha walikuwemo waumini wa kawaida tu wanaoenda kanisani.

Mangi_wa_Kibosho
Milioni ya dola kwa sababu ya tamko tu? Aisee.

DerevaWaKreta
Mimi ni Msabato, naendesha watalii toka 2009, Arusha hadi Serengeti. Karibu kila wiki nasimama Oldupai, lile bonde yalikochimbuliwa mabaki ya watu wa kale, pale njia panda kwenye yale mafuvu mawili makubwa juu ya nguzo wazungu wanashuka kupiga picha, halafu tunaingia makumbusho. Nimeshasimulia ile ya tarehe 17 Julai 1959 mpaka naweza kuisimulia nimelala: mzee Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ana homa kabaki kambini, mkewe Mary katoka na mbwa wake, anaona meno yametokeza ardhini, anarudi mbio na gari, na mzee homa ikamuisha hapo hapo. Fuvu la miaka milioni 1.75. Nyayo za Laetoli milioni 3.6, zenyewe zimefukiwa zisiharibike, mnaona nakala.

Mwanzoni nilikuwa nasema "wanasayansi wanadai". Siku moja bibi mmoja wa Kijerumani akaniuliza na wewe unadai nini? Nikakosa jibu aisee, nikamwonyesha twiga. Sikuhizi nasimulia kama ilivyo na Jumamosi naenda kusali na Mungu hajanilalamikia. Na jambo ambalo wengi hawalijui, huyo Louis Leakey alizaliwa na wamisionari, hapo Kabete Kenya.

Ninachoshangaa ni hiki: serikali inachukua kiingilio cha mtalii kwa ajili ya lile fuvu, mimi nalipa ada ya watoto kwa lile fuvu, halafu mtoto wa Moshi anayelala umbali wa siku moja ya basi anaachiwa kurasa tatu nyeupe. Mama, low season nikiwa na gari tupu mlete dogo, mafuta yangu, kiingilio cha Mtanzania ni kidogo hakikushindi.

MamaKijana_Soweto
Asanteni sana, wengine mmenitoa machozi wengine mmenichekesha. Mrejesho: leo nimeenda. Pepa nilibeba, mwalimu wa Sakina nisamehe, ila nililiacha kwenye pochi. Huyo mwalimu ni kijana tu, ananyenyekea kuliko nilivyodhani, kaniambia mama nilipokuwa chuo sikuielewa vizuri hii mada, naogopa wanafunzi kuniuliza maswali ya Adamu na Hawa nikakosa jibu. Kumbe! Nikamsimulia habari ya klorokwini kama nilivyoisoma hapa, akatoa kalamu akaandika. Kaahidi Alhamisi jioni atawarudishia vipindi viwili. Kwa hiyo MwlBailo hizo notsi zitume mara mbili, mimi nimpelekee na yeye.

Dereva ubarikiwe baba. Tatizo ni siku tu, Jumamosi wewe uko kanisani, Jumapili mimi niko kanisani na tena tuna harambee ya bati za usharika mpaka mwezi ujao, na katikati ya wiki dogo yuko shule. Hebu niambie likizo ya Septemba unakuwa na wageni?