Naomba ushauri: mjamzito katika chumba cha eksirei

Wataalamu, habari zenu. Mke wangu ni mpiga picha za eksirei katika hospitali moja ya wilaya, na ni mjamzito. Amemjulisha mkuu wake kwa maandishi, lakini bado anapangiwa kuwashika watoto wanapopigwa picha, kazi ambayo naamini ingefanywa na mzazi aliyevaa aproni ya risasi (madini yanayozuia mionzi), ikiwa si mjamzito. Mapendekezo ya kimataifa yanataka mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiveti 1 (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini) katika kipindi cha ujauzito kilichosalia baada ya taarifa, ilhali mfanyakazi mwenyewe huruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka. Je, anaweza kudai kipimo cha pili cha mionzi, kinachovaliwa tumboni chini ya aproni, na malalamiko yaanzie wapi kabla ya kufika Tume ya Nguvu za Atomiki?