Wanasema tupange nao mambo ya mafuriko, lakini mkutano wanauita saa nne asubuhi

Mama Muziri ameuliza:

Habari zenu wandugu. Mimi nauza muziri na ragoge, samaki wetu wadogo wa kuanika, kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Albert, upande wa Hoima, Uganda. Jina la mwalo naliacha, maana mwenyekiti wetu naye anapita humu. Mwaka huu walinichagua katibu wa kamati ya maafa ya kijiji. Kamati yenyewe ni watu saba na daftari moja.

Wiki iliyopita walikuja watu wa mradi pamoja na watu wa wilaya. Wakasema maji yatazidi kupanda, kwa hiyo jamii ishirikishwe kupanga. Nilifurahi kweli. Kumbe ramani ilikuja imeshapakwa rangi, wakaibandika ukutani kanisani: nyekundu watu watoke, njano wajihadhari, kijani salama. Na siku yenyewe Jumanne, saa nne asubuhi. Saa nne! Wavuvi wa muziri wanarudi alfajiri na taa zao, saa nne wamelala kama magunia. Sisi wanawake tuko kwenye vichanja tunaanika, jua likikupita siku hiyo samaki ameoza. Waliokuja ni wazee wa viti vya mbele, walimu wawili na vijana wa boda waliosikia kuna pesa ya usafiri. Kikasemwa Kizungu, kikatafsiriwa Kinyoro, Waalur na Wakongo wakabaki kutazama bati. Kiswahili, ambacho ndicho tunachouzia samaki kila siku, hakikusikika hata kwa salamu (na eti Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili tangu 2005). Tukatia saini, tukanywa soda, wakaondoka.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Pale walipopaka kijani ndipo maji yalipotuingilia kwanza mwaka 2020. Hayakutoka ziwani. Yalishuka na korongo kutoka kwenye ukingo wa bonde usiku wa mvua, yakakuta ziwa limejaa, yakakosa pa kwenda. Yalisimama miezi. Choo cha soko kilifurika tukawa tunakanyaga tusiyoyataja. Anayejua hadithi hiyo yote ni mama mmoja Mkongo anayepanga nyuma ya matanuri ya kukaushia, alihama vyumba vitatu ndani ya mwezi mmoja. Hakuwepo mkutanoni. Si mpiga kura, na hakuna aliyemwita.

Watarudi baada ya wiki tano, eti tuidhinishe. Nikikataa kusaini nitaambiwa napinga maendeleo. Nikisaini nimesaini kijani ile. Na watu wanaogopa, wanasema tangu mafuta yagunduliwe ardhi ina wenyewe, ramani hii ni ya kutufukuza tu. Mlioshapitia haya, mlifanyaje?

Baria Mstaafu (Wanseko):

Dada pole. Nimekuwa baria, mvuta nyavu kwenye boti za wenyewe, miaka ishirini na sita, nikuambie kitu ambacho watu wa ofisi hawakijui: mkutano wa wavuvi unaitwa kwa mwezi. Wakati wa giza kila mwenye mkono yuko majini na taa. Mbalamwezi ikiwa kamili muziri hafuati taa, boti zinalala, mabaria wako nchi kavu wanashona nyavu na kucheza karata. Chagua siku mojawapo ya hizo, saa kumi jioni mkishaanua samaki. Na msikae kanisani, kaeni pale boti zinapopandishwa. Kanisani baria anaona aibu na nguo zake.

Halafu kabla hawajarudi, tembea. Usimuulize mtu "mafuriko yalikuwaje", atakuhutubia. Muulize "maji yalikufika wapi?" Atakuonyesha mwilini: gotini, kiunoni, hapa kifuani. Peleka kiwango hicho kwenye ukuta au mti wa mahali pale pale, upige mstari kwa rangi ya boti, na mwaka wake. Wazee wenu wa miaka sabini na kitu waliyaona maji ya miaka ya sitini, yale yaliyoimaliza bandari ya Butiaba. Wengine watakumbuka ya El Niño 1998. Ya 2020 kila mtu anayo. Wageni wakija, watembeze kwenye mistari kwanza, ramani baadaye.

Karani wa Gombolola:

Mimi naandika kumbukumbu za vikao kwa kazi, kwa hiyo nivumilieni nikiwa mkavu.

Mama, hofu ya watu wako si ujinga. Kanuni za mwaka 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatenga mita 200 za ufuko kuwa eneo la hifadhi kwa maziwa makubwa, Albert likiwemo. Mwalo gani uko nje ya mita hizo? Mkipaka nyekundu wenyewe bila kuandika watu waende wapi, ardhi ya nani, mpangaji naye anapata nini, siku moja karatasi hiyo itasomwa dhidi yenu. Kwa hiyo msiikatae ramani. Andikeni masharti kwenye ukurasa ule ule wa saini, yasiwe kwenye barua ya pembeni. Barua za pembeni nazijua zinakoishia.

Pili, baraza la kijiji si ile kamati ya watu kumi ya LC1 (serikali ya kijiji). Baraza ni wakaaji wote wa miaka 18 na zaidi. Lipitishe hapo, mwenyekiti agonge muhuri, nakala iende kwa chifu wa muluka, ngazi iliyo juu ya kijiji, na wa gombolola iliyo juu ya muluka. Fanyeni haraka, mkutano wa bajeti wa wilaya huwa Oktoba au Novemba ingawa mwaka wa fedha unaanza Julai. Kinachofika Machi hupigiwa makofi tu.

Tatu, zamani mlikuwa na BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni. Kasoro zilikuwepo, nyingi tu, lakini kwenye kamati zake wenye boti, mabaria na wachuuzi kila kundi lilikuwa na nafasi yake. Ziliposimamishwa 2015 wavuvi walipoteza kiti hicho. Igeni mgao ule kwenye kamati yako ya watu saba. Mabaria ni wangapi humo sasa?

Mama Muziri:

Sifuri. Na wenye boti ni wanne. Nimeona haya hata kuandika.

Kijana wa Kanara (Ntoroko):

Mimi nitasema ambalo hamtalipenda. Vikao tulikaa, tukachoka. Kwetu mbele ni ziwa, ubavuni mto Semliki, nyuma hifadhi ya wanyama ya Toro-Semliki. Maji yalipokuja tulihama, na wengi tukarudi, kwa sababu samaki hawapandi kilimani kukufuata. Mke wangu na watoto walikaa juu, mimi nikalala chini kwenye mchanga uliolowa nikichunga injini isiibwe. Miezi minane. Hakuna mpango ulioandika jambo hilo la injini, lakini ndilo lililonirudisha.

Kwa hiyo Mama, wakisema "hamisheni kijiji", waulize kijiji kipi. Vichanja vya kuanikia vinaweza kubaki chini, vikizama unajenga vingine kwa miti ya wiki moja. Choo, dawa, daftari za shule, watoto, hivyo viende juu mapema. Na injini zipewe stoo yenye kufuli mahali pa juu. Ukipata stoo ya injini, wanaume watahama wenyewe bila semina.

Mtu wa Jinja:

Naongeza kidogo. Ziwa letu huku Victoria lina kipimo cha kimo cha maji hapa Jinja, Nile inapotoka. Rekodi ya 1964 ilikuwa mita 13.41, mwaka 2020 ikavukwa. Maji yakifunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Nalubaale na Kiira hapa Jinja yanashuka na Nile, yanapita Ziwa Kyoga, Karuma, yanaanguka kwenye maporomoko ya Murchison, ndipo yanaingia Albert pale pale Wanseko kwa huyo baria. Hayafiki kwenu kesho yake, Kyoga inayakalisha. Muombe afisa maji wa wilaya awatumie kipimo cha Jinja kila wiki, kisomwe msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili. Ila mvua ya korongo lenu hiyo Jinja haiijui. Hapo mweke mtu wenu juu ya ukingo mwenye simu yenye chaji.

Mama Muziri:

Asanteni sana. Narudi na habari.

Mwenyekiti alikasirika kwanza, akauliza nani amenituma kubadilisha kamati. Nikamwonyesha lile neno la karani kuhusu muhuri wake, akatulia, anaupenda sana muhuri wake. Wenye boti wawili wamekubali kutoka, mabaria wawili wameingia, mmoja Mualur mmoja Mkongo. Mkutano ni mwezi ukiwa mpevu, saa kumi, kwenye boti. Nitaongoza mimi, kwa Kiswahili, anayetaka Kizungu atafsiriwe yeye.

Jana nilimpitia yule mama wa nyuma ya matanuri. Tumetembea kutwa. Amenionyesha sehemu tano, na moja sikuwahi kuifikiria: mlango wa chumba cha kujifungulia cha zahanati. Maji yalifika kwenye bawaba ya chini. Kwenye ramani ni kijani.

La injini nimelisema kijiweni, vijana wamelishika kuliko yote, tayari wanabishana nani atashika ufunguo.

Baria, rangi nyekundu ya boti huko Wanseko kopo la lita moja mnanunua bei gani? Hapa wananiambia elfu thelathini na tano, na ninahitaji makopo mawili.

Baria Mstaafu:

Wanakuibia. Nusu kopo ninalo nyumbani, limebaki kwenye boti niliyouza. Nipe jina la gari linaloshuka huko Ijumaa.