Tupeane uzoefu: Umewahi kumpokea mgeni aliyekuja kutafuta asili yake Afrika?

Mama Mpangishaji (Mbezi Beach)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nyumbani kwangu nina vyumba vya wageni, na miaka hii wanaofikia si Wazungu wa kwenda Serengeti peke yao. Wapo weusi kama sisi, wa Marekani, Jamaika, Uingereza na visiwa vya Bahari ya Hindi, ambao babu wa babu yao aliuzwa. Ghana walipotangaza Mwaka wa Kurudi 2019, kukumbuka miaka 400 tangu Waafrika wa kwanza wafikishwe Virginia, wengi walikimbilia Accra. Wengine wakaja kwetu.

Na Dar haijaanza leo. Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alipita hapa Oktoba 1964 akaonana na Mwalimu. Walter Rodney, mwanahistoria, mtoto wa Guyana, alifundisha Chuo Kikuu pale Mlimani mpaka 1974, na Juni ya mwaka huohuo Kongamano la Sita la Pan-Afrika likafanyika palepale Ukumbi wa Nkrumah. Enzi zile tulikuwa tunawapokea kwa mijadala. Siku hizi tunawapokea kwa bei. Ndiyo maana nimeleta uzi: wako ulimpokeaje, na aliondoka na nini?

Naanza na wangu. Alitoka Réunion, kisiwa cha Wafaransa kule ng'ambo ya Madagaska. Mama wa makamo, mwalimu wa shule. Kiingereza chake cha kuokoteza, changu cha dukani, basi tukaelewana hivyohivyo. Nikamuuliza kama amepima DNA kama Wamarekani, akacheka: sheria ya Ufaransa inakataza kupima kwa kujifurahisha tu. Yeye alikuja na karatasi. Kwao utumwa ulifutwa tarehe 20 Desemba 1848, na walioachwa huru wakaandikishwa na kupewa majina ya ukoo. Bibi wa ukoo wao yumo kwenye daftari hilo, na penye asili pameandikwa "Cafre", yaani mweusi wa bara. Basi, imeishia hapo. Hakuna kijiji, hakuna kabila.

Kwa nini sasa ashuke Dar? Kwa sababu ya Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka wapelekwe visiwani kwao. Huo mkataba upo kwenye maandishi, na huyu mama alikuwa anaujua kuliko sisi tunaopita Nangurukuru, njia panda ya Kilwa, kila siku tukinunua korosho.

Jumapili nikaenda naye misa parokiani kwetu. Wakati wa matoleo, dada mmoja wa sauti ya pili anapiga kayamba. Mgeni akanibana mkono mpaka nikashtuka. Misa ilipokwisha akamfuata yule dada, akaomba kwa ishara. Akakishika chombo bapa, mikono miwili, vidole gumba juu, akaanza kukitikisa kushoto kulia. Mwanzo taratibu, halafu mapigo yakageuka, yakawa ya tatutatu, si yale tuliyozoea kwenye nyimbo zetu. Wanakwaya waliokuwa wanakunja majoho wakasimama. Mwalimu wa kwaya akaburuta ngoma, akapotea mara ya kwanza, akapotea tena, kisha akampata. Kwao wanakiita kayamb, wanakiunda kwa vijiti vya maua ya miwa na kujaza mbegu ndani, na ndicho chombo cha muziki wao wa maloya, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2009. Chetu ni cha matete. Yule dada wa kwaya alimwachia kile chake, parokia ikaunda kingine.

Kilwa alikwenda na mpwa wangu kwa basi la Rangi Tatu. Wazee wa Kivinje walimkalisha barazani, wakamlisha, na hakuna aliyejifanya ndugu yake. Alirudi akilisifu hilo kuliko magofu.

Haya, tiririkeni.

BajajiYaNjano (Masaki)

Mama shikamoo. Yangu fupi.

Desemba moja nilikuwa nawazungusha bibi watatu kutoka Chicago. Asubuhi ya tarehe 26 mmoja ananiambia, "Habari gani?" Namjibu nzuri mama. Anatikisa kichwa, ananirekebisha: niseme "Umoja". Kumbe wana sikukuu yao, Kwanzaa, ilianzishwa Marekani 1966, siku saba, kila siku na neno lake la Kiswahili, na ukiulizwa habari gani unajibu neno la siku. Kesho yake ni Kujichagulia. Kijiwe kizima tukaingia darasani, kila wakipita tunaitikia.

Shida ikaja siku ya nne, ambayo ni Ujamaa. Pale kijiweni tuna mzee anauza kahawa, kwao Dodoma, alihamishwa pamoja na wazazi wake kipindi cha Operesheni Vijiji vya Ujamaa, nyumba ikabaki nyuma. Bibi anamwuliza habari gani, mzee anasema nzuri. Bibi anarudia. Mzee: "Nimesema nzuri." Ilibidi niwaeleze wale bibi kisa chote njiani kwenda Coco. Waliporudi walikwenda kukaa kwake wakanywa kahawa na kashata, wakaongea kwa mikono. Siku ya Nia mzee akaitikia.

Mwambao Halisi (Bagamoyo)

Mleta uzi umegusa kazi yangu. Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo, na kuna jambo linanikera kwa wenzangu.

Mmarekani mweusi akishuka kwenye gari hapa tayari macho mekundu. Ameshaambiwa Dar kwamba babu zake walipitia hapa. Mwongoza wageni anaona machozi, anaona na bahashishi, anakazia hapohapo: ndiyo, walipakiwa hapa, wakapelekwa Marekani. Si kweli, au kwa wengi si kweli. Waliopakiwa kuvushwa Atlantiki wanakadiriwa milioni 12.5, na walioshushwa moja kwa moja Amerika Kaskazini ni kama 390,000. Hao wengi wao walitoka Senegambia, Ghana na Nigeria za leo, Kongo, Angola. Wa upande wetu huu waliokwenda Amerika walitoka zaidi Msumbiji, na wengi waliishia Brazili. Waliopita Bagamoyo walivushwa Unguja, na kutoka huko kuna waliobaki mashamba ya karafuu, na kuna waliokwenda Uarabuni, Uajemi na India.

Mimi huwa nawaambia hivyo kabla hatujafika Caravan Serai, kile kituo cha zamani cha misafara. Wapo wanaokasirika. Kijana mmoja wa Atlanta alinyamaza nusu saa. Kisha akauliza swali ambalo watalii wengi hawaulizi: sasa waliokuwa wanabeba pembe kwenye misafara hii wote walikuwa watumwa? Hapo ndipo ziara ilipoanza. Nikamweleza habari za Wanyamwezi, wapagazi wa kulipwa, wanaojua bei yao na wanaogoma njiani ujira ukipunjwa. Barabara moja, mmoja anatembea na mnyororo, mwingine na mkataba. Tukaenda Misheni, pale Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika 1868 wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa. Akakaa chini ya mbuyu akiandika mpaka saa ya kufunga.

Na Unguja hivyohivyo. Soko la watumwa lilifungwa 1873, kanisa la Mkunazini likajengwa hapo, hilo halina ubishi. Ila vile vyumba vya chini wanavyoingizwa wageni, jengo la juu yake ni la wamisionari na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Mpeleke mgeni, lakini mwambie. Mtu aliyedanganywa asili yake kwa vizazi vyote hivyo usimwongezee uongo wa kwako kwa ajili ya dola 20.

Mtu wa Tandika

Sawa mkuu, historia nzuri. Mimi naangalia huku chini. Wanasema wamerudi nyumbani, halafu nyumbani kwenyewe ni Masaki na Mbezi tu. Sijamwona aliyerudi nyumbani Tandika. Wanarekodi video, "nimepanga nyumba kwa dola 600 tu", na mwenye nyumba anaiona hiyo video. Mtoto wa dada yangu alihama Mikocheni kwa ajili hiyohiyo. Msinijie juu, nauliza tu.

Mama Mpangishaji

Kaka, unauliza kwa haki. Lakini aliyepandisha kodi ni Mtanzania mwenzako mwenye nyumba.

Mtu wa Tandika

Najua mama. Ndiye nimemtaja.

Shangazi Sheria (Kinondoni)

Kwa kuwa mmefika kwenye nyumba, niseme la ardhi, maana kesi hizi zinanifikia.

Mgeni anafika, moyo umejaa, siku ya tatu anataka kununua kiwanja "ardhi ya mababu". Dalali yupo tayari, anampeleka Kigamboni au Kerege, bahari inaonekana kwa mbali. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20: asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hiyo hupitia kwenye mamlaka ya uwekezaji, haiishii kwa mwenyekiti wa mtaa. Sheria haiangalii rangi. Kwa ardhi, mjukuu wa mtumwa mwenye pasipoti ya Marekani na Mzungu wa Denmark ni kitu kimoja.

Dalali anajua. Kwa hiyo kiwanja kinaandikwa jina la "kaka" waliyefahamiana wiki iliyopita. Mama mmoja, mstaafu, alijenga hadi linta. Akaenda kwao kushughulikia pensheni, kurudi geti lina kufuli jipya na "kaka" amehamia na familia. Hati jina la nani? La kaka. Nilimsindikiza kwenye baraza la ardhi na nilijua kabla ya kuingia tutatokaje. Alikuwa analia na anasema jambo moja: huyu alikuwa ananiita dada.

Uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima hatuna. Ghana wameshawapa wengi uraia, na Benin walipitisha sheria yao 2024 kwa wazao wa waliouzwa. Kwetu anayetaka kukaa, apange nyumba na atafute kibali cha ukaazi. Mengine yote ni maneno ya dalali.

Mzigua wa Sindeni

Naona mnaongelea Marekani tu. Waliorudi kweli nyumbani mimi nawajua, wapo Chogo, kwetu Handeni.

Karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa, wengine njaa iliwasukuma, wakauzwa Somalia. Wakatoroka, wakajificha misituni kando ya Mto Juba, na hadithi zao zinamtaja mama aliyewaongoza, Wanankhucha. Walikaa huko vizazi na vizazi. Vita vya 1991 vilipolipuka, baadhi wakapanda mashua wakashuka kwetu kama wakimbizi. Serikali ikawapa eneo Chogo, na wengi wakapewa uraia.

Babu yangu alikwenda kuwaona zamani zile wapo wageni. Alikuwa mgumu, hakuamini. Akamsalimia mzee mmoja kwa Kizigua, mzee akamjibu, kisha wakaanza kutajiana mimea ya dawa: wewe unaita nini hii, sisi tunaita hivi. Walikaa mpaka giza. Babu alirudi akasema wale wanazungumza Kizigua cha bibi yake, wanatumia maneno ambayo vijana wa Sindeni tumeshayaacha kwa ajili ya Kiswahili. Hakuna aliyekuja kuwapiga picha, hakuna basi la watalii. Walipewa majembe.

BajajiYaNjano

Dah. Mkuu hii sikuijua kabisa, na shule nimesoma.

Shemeji wa Kigamboni

Habari zenu ndugu. Mimi nimezaliwa Baltimore, mke wangu ni Mndengereko, mama mkwe ndiye mwalimu wangu wa Kiswahili, makosa mtanisamehe.

Mwambao Halisi amesema kweli. DNA yangu ilisema Nigeria, Kamerun na Kongo, Tanzania hakuna hata tone. Nilikuja kwa sababu ya Rodney, nilimsoma chuoni, nikataka kuona Mlimani. Nilipofika uwanja wa ndege nililipa dola 100 za visa, wakati Mwingereza nyuma yangu analipa 50. Hilo ndilo lilikuwa "karibu nyumbani" langu la kwanza.

Kaka wa Tandika, naomba nikujibu. Tunakaa Masaki kwa sababu anayetupokea uwanjani anatupeleka Masaki. Mimi nimekaa Kigamboni kwa sababu ya ukweni tu. Na upande wetu kuna la kusema: mtu akiwa na shida ya hospitali, ya ada, ya bati, mimi ndiye wa kwanza kufuatwa, na siwezi kumaliza yote. Mama mkwe alinifundisha kusema "nimekusikia, nikijaaliwa". Inasaidia. Msiba ukitokea naandikwa kwenye daftari la mchango kama wengine, na kamati ya harusi wananidai kama wengine, nashukuru sana kwa hilo.

Wanaouliza vibali: visa ya kawaida ni miezi mitatu kwa kukaa. Ya Mmarekani inaruhusu kuingia mara nyingi kwa mwaka, lakini kila safari isizidi hiyo miezi. Kibali daraja A ni cha mwekezaji, B ajira, C wengine kama wanafunzi, watafiti na wastaafu. Nendeni Uhamiaji wenyewe. Msimpe mtu pasipoti akupelekee.

Mama yangu mzazi anakuja Julai kipindi cha Sabasaba, mara yake ya kwanza Afrika. Ameshanitumia orodha, Bagamoyo ipo, Unguja ipo, Mwambao Halisi nitakutafuta. Lakini mama mkwe amesema wiki ya kwanza haendi popote, anakaa uani, na vitenge vyao viwili vya sare vimeshanunuliwa. Tatizo ni fundi. Mwenye kumjua fundi cherehani Kariakoo ambaye akisema Ijumaa ni Ijumaa, tafadhali aniandikie.