Naomba ushauri: mama anaumwa mguu, kumbe pingili ya kiuno imeteleza

Habari zenu wakuu. Mama yangu ni mkulima wa alizeti Kongwa. Mguu wa kushoto unamuuma kuanzia kwenye tako, unashuka nyuma ya paja hadi kwenye wayo. Akisimama au akitembea kidogo unakufa ganzi. Akikaa au akiinama mbele anapata nafuu. Muda mrefu katibiwa goti, wakati goti lenyewe halijawahi kuvimba! Sasa daktari mmoja hapa Dodoma mjini kampiga eksirei ya kiuno, kasema pingili ya nne ya kiuno (L4) imeteleza mbele juu ya ile ya tano (L5), inabana mshipa wa fahamu.

Eksirei alipigwa amelala. Nasikia kuteleza huonekana vizuri zaidi mgonjwa akiwa amesimama. Turudie, au twende moja kwa moja kwenye kipimo cha MRI ili mshipa wenyewe uonekane? Tuanzie hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma au MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, Dar? Na fiziotherapia inatosha?

Haja zote anapata kawaida na mguu haujalegea. Nimeambiwa haja zikivurugika au mguu ukilegea ni dharura. Kisu cha upasuaji anakiogopa mno, sitaki kumlazimisha kabla hatujawa na uhakika. Mliouguza tatizo hili, naomba mnisaidie.